Mihuri Minne ya Cheti Kimoja

Kijana wa Gataka akipata kazi Dubai au nafasi ya chuo Kanada, jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba vyeti vyake vithibitishwe. Cheti cha kidato cha nne hurudi kwa Baraza la Mitihani la Kitaifa lililokitoa, na cha kuzaliwa kwa msajili wa vizazi na vifo. Kisha nakala hupelekwa kwa wakili aliye pia notari, halafu kwa Msajili wa Mahakama Kuu, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho ubalozini. Kila nchi ina masharti yake, lakini ngazi ni hizo. Kwenye ramani Gataka ni ya kaunti ya Kajiado, ila safari zote hizi ni za Nairobi, kwa matatu za 125 na 126 kwenye Barabara ya Magadi. Siku hizi sehemu ya maombi na malipo hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hivyo mtu huanzia saiba ya mtaani.

Ajabu ni kwamba ukishatoka kwa aliyekitoa cheti, hakuna tena anayeangalia alama zako. Notari anasema nakala inafanana na asili. Msajili wa Mahakama Kuu anasema sahihi ile ni ya notari kweli. Wizara inasema sahihi ile ni ya Msajili, na ubalozi unasema sahihi ile ni ya Wizara. Wakati cheti kinafika Dubai, yule aliyekitia muhuri wa mwisho hana habari kama ulipata A au D.

Watu wa Kajiado wana sababu za zamani za kutoamini kwamba sahihi inatosha. Agosti 1904, Olonana, kiongozi wa Wamaasai, na wazee wenzake walitia alama zao kwenye mkataba na serikali ya Waingereza, mashahidi wakasaini, na Wamaasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa na kuahidiwa hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, uliowaondoa Laikipia. Wamaasai wakiongozwa na Ole Njogo walipokwenda mahakamani kuupinga, uamuzi wa mwaka 1913 ukawa kwamba ile mikataba ni maafikiano kati ya mataifa, na mahakama ya koloni haina uwezo wa kuisimamia. Hakuna aliyesema alama zile ni za kughushi. Karatasi ilikuwa halali, ila hapakuwa na mahali pa kuipeleka.

Karatasi nyingine ya ukoloni ilikuwa kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kukibeba, chenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Serikali ilimjua vizuri kama kibarua. Kuzaliwa kwake haikukuandika. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilikuwepo tangu mwaka 1928, lakini Waafrika walianza kulazimika kusajili mwaka 1963 tu, kwanza Nairobi na Nyeri, na ilipofika Septemba 1971 ndipo nchi nzima ikawa imefikiwa. Ndiyo maana mzee aliyezaliwa Kajiado kabla ya hapo, akitaka kumtembelea mwanawe ng'ambo, huenda akaanza na barua ya chifu na kadi ya ubatizo kutafuta cheti cha tukio la zaidi ya nusu karne iliyopita.

Kwingineko msururu huu ulikatwa zamani. Tarehe 5 Oktoba 1961, huko Hague, mataifa yaliafikiana kwamba ofisi moja iliyoteuliwa na kila nchi itoe cheti kimoja cha uthibitisho, apostili: mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, vipengele kumi vyenye nambari, na kichwa kwa Kifaransa. Nchi nyingine mwanachama inaikubali apostili hiyo bila kupitia ubalozi. Mkataba ulianza kutumika Januari 1965, na leo una wanachama zaidi ya 120.

Hapa kalenda ilitucheza. Uingereza iliuridhia mkataba huo Agosti 1964, kisha ikaupeleka kwenye makoloni yake. Botswana, Lesotho na Mauritius, zilizopata uhuru baadaye, ziliurithi. Kenya ilikuwa imeshapandisha bendera yake tarehe 12 Desemba 1963, miezi minane kabla. Tanganyika na Uganda zilikuwa zimetangulia. Hatukuukataa, tulikuwa tumeshahama nyumba.

Lakini hicho ni kisingizio cha miaka michache tu. Malawi ilipata uhuru Julai 1964, nayo haikurithi kitu. Ikaomba kuingia yenyewe, na mkataba ukaanza kutumika kwake mwaka 1967. Kenya nayo haiogopi Hague: mwaka 2007 iliingia mkataba mwingine wa huko, wa kuasili watoto kati ya nchi na nchi. Tangu sheria ya mwaka 2012, mkataba mpya hupitia Baraza la Mawaziri na Bunge la Taifa.

Husemwa kwamba mihuri mingi inazuia vyeti vya kughushi, na kila Mkenya anajua sifa za River Road, mtaa wa Nairobi unaosifika kwa vyeti bandia. Kwa maoni yangu hoja hiyo inapewa uzito usioustahili. Cheti bandia hunaswa na aliyetoa kile halisi, yaani Baraza la Mitihani au msajili wa vizazi, na hatua hiyo apostili haiifuti. Inazifuta zile zinazothibitisha sahihi za wenzao.

Oman iliingia mkataba wa apostili mwaka 2012, Saudi Arabia Desemba 2022, na Kanada Januari 2024. Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu Juni 2024. Mwaka huo Kenya haikuwa kwenye orodha. Mwanafunzi wa Kigali aliyekuja kusoma vyuo vya upande wa Rongai, jirani na Gataka, aliweza kubeba apostili ambayo ofisi zetu hazikulazimika kuipokea, na Mkenya aliyekwenda Kigali hakuwa na ya kubeba.