Kamba Kwenye Matairi

Barabara ya Kaberebere kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, imebeba wakimbizi tangu Warwanda wa karibu mwaka 1960. Mvua ya Machi ikinyesha, udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Sisi madereva hupunguza upepo wa matairi, tukayazungushia kamba nene, tukateremka kwa gia ya kwanza bila kukanyaga breki.

Ujuzi huu una historia ndefu. Inasimuliwa kwamba Harry Weed wa New York aliona madereva wakifunga kamba matairini ili wasikwame. Mwaka 1904 akapata hataza ya minyororo ya matairi, ile inayofungwa leo kwenye theluji. Basi ndugu zetu waliohamia Kanada wasiiogope theluji: kanuni kuu, kufunga kitu tairini ili lishike barabara, wanaijua tayari. Na vijana wetu tuwafundishe, mvua haijaisha.