Jina Denmark, Mpaka Tunisia

Aliyewahi kununua kiwanja mjini anajua kwamba jina la mtaa halimalizi ugomvi. Ukizuka ubishi, watu huenda kutafuta jiwe la mpaka. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya wanajiolojia, kwani nao wamegawa viwanja, ila vyao ni vya wakati.

Umri wa dunia, miaka kama bilioni 4.5, wameugawa katika vipindi, na vipindi wakavigawa katika hatua. Nyingi zilipewa majina huko Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1847 Edouard Desor aliyatazama matabaka ya chokaa ya Denmark, akaiita hatua yake Dania. Naye André Dumont akaipa nyingine jina la mji wa Ypres, Ubelgiji.

Majina yalipatikana, lakini mipaka ikawa ya mabishano, maana mahali pengi matabaka yamekatika, mithili ya kitabu kilichonyofolewa kurasa. Ndipo ikakubaliwa kwamba mwanzo wa kila hatua uwekewe alama mahali pamoja tu duniani, pale ambapo matabaka yamefuatana vizuri. Alama hiyo huitwa msumari wa dhahabu. Wa kwanza ulikubaliwa mwaka 1972, huko Klonk, katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia.

Walipoutafuta mwanzo wa Dania, miaka milioni 66 iliyopita, wakati dinosaria wale wakubwa walipotoweka, hawakuichagua Denmark. Waliichagua El Kef, Tunisia, na uamuzi ukapitishwa mwaka 1991. Hapo matabaka hayakukatika, na katikati yake upo mstari mwembamba wenye rangi ya kutu. Ndani yake mna iridiamu, madini adimu ardhini lakini ya kawaida katika vimondo. Mwaka 2003, mwanzo wa hatua ya Ypres ukawekwa Dababiya, karibu na Luxor, Misri.

Mimi sidai majina yabadilishwe. Aliyetangulia kutaja ana haki yake, na kubadili kungevuruga vitabu vyote. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu anayetaja Denmark na aitaje El Kef. Anayetaja Ypres asiisahau Dababiya. Akinyamaza, mtoto atadhani habari za dunia ziliandikwa kwingine, Afrika ikazisoma tu. Kumbe kurasa hizo mbili zilipotakiwa zikiwa kamili, zilikutwa katika udongo wa bara letu.