Ukali Uliofika kwa Njia ya Ziwa

Husemwa mara kwa mara kwamba chakula cha Kijaluo hakijui pilipili, na kwamba mtu wa Osiri, awe upande wa Migori au wa Homa Bay, anayesaga pilipili zake nyumbani na kuzitia kwenye chupa anaiga mambo ya Mombasa au ya Wahindi. Nusu ya kwanza ya kauli hii ina ukweli. Samaki kama ngege, kamongo na omena waliungwa kwa vitu vichache: chumvi, maziwa, samli. Mboga chungu kama osuga na dek zilipikwa, zikatiwa maziwa na kuachwa zilale ili uchungu wake upungue. Jiko hilo lilitafuta uchungu uliotulizwa, uchachu na mafuta. Kuwasha ulimi halikuwa lengo lake. Nusu ya pili ndiyo ninayoikataa. Pilipili ilifika Nyanza Kusini ikiwa mgeni, ni kweli, lakini ilikuta jiko ambalo tayari lilikuwa na karibu kila kitu inachohitaji.

Tuanze na safari yenyewe. Pilipili hizi zote, yaani kichaa, mbuzi na hata hoho, asili yake ni bara la Amerika. Hakuna aliyezijua Afrika kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi waliofuata, ndio waliozisambaza katika pwani hii. Ndege nao walisaidia, kwa sababu hawahisi moto wa pilipili. Humeza tunda na kuziangusha mbegu mbali, ndiyo maana pilipili kichaa huota pembeni mwa shamba bila kupandwa na mtu. Kufikia karne ya 19 pilipili ndogo za Zanzibar zilikuwa bidhaa inayojulikana katika soko la London. Bara ilichelewa. Mwaka 1901 reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, na meli za ziwani zikaunganisha mji huo na bandari za Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Nyuma ya reli na meli yalikuja maduka ya Wahindi, yakiwemo ya mfanyabiashara Allidina Visram, pamoja na bizari na viungo vyake. Kendu Bay ikawa na jamii ya Waislamu wenye msikiti wao na pilau yao, katikati ya nchi ya Wajaluo.

Hata hivyo, sidhani duka ndilo lililobadilisha ulimi wa watu. Uzito zaidi nauona katika safari za vibarua. Wajaluo walikwenda kwa wingi kufanya kazi relini na katika bandari ya Mombasa, mahali ambapo viazi karai haviliwi bila ukwaju wenye pilipili, wala muhogo wa kuchoma bila pilipili na ndimu. Upande wa pili, miaka ya 1930 mgodi wa Macalder huko Nyatike ulianza kuvuta wafanyakazi. Ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikuisha ardhini, na wachimbaji wadogo wa Osiri Matanda wanaendelea kuitafuta hadi leo. Machimbo hukusanya watu wa makabila mengi wanaokula kwenye vibanda, mbali na jiko la mama. Katika meza kama hiyo mpishi hawezi kumridhisha kila mlaji kwa sufuria moja. Pilipili ikikaa pembeni, kila mmoja anajipimia.

Atakayesema kwamba kitu kilicholetwa na vibarua na wenye duka hakiwezi kuwa cha kwetu, namuomba aangalie sahani yake. Mahindi ya ugali yalitoka Amerika, na yaliusukuma mtama na wimbi kando katika karne ya 20. Muhogo, viazi vitamu, njugu karanga na nyanya ni vya bara hilohilo. Samaki mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950. Hakuna anayemwita mla mbuta mwigaji. Kwa hiyo ugeni peke yake si hoja; swali la maana ni kama jiko limekifanya kitu hicho kuwa chake.

Na hapa ndipo ushahidi unaponipa nguvu. Mkwaju, ambao Wajaluo huuita chwaa, humea katika nchi hii kavu ya kando ya ziwa, na tunda lake limetumika tangu zamani kuchachua uji. Pilipili ya chupa inahitaji uchachu kuliko inavyohitaji ukali, kwa kuwa asidi ndiyo inayozuia vijidudu. Watengenezaji hulenga pH iliyo chini ya 4.6 ili bakteria wa sumu ya botulini wasikue. Mwanamke aliyejua kupima ukwaju katika uji alikuwa na nusu ya ujuzi huo mkononi. Maziwa ndiyo jambo la pili. Kapsaisini, kemikali inayowasha, haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta, na protini ya maziwa huing'oa ulimini. Ndiyo sababu maji hayamsaidii aliyeungua, na maziwa yanamsaidia. Jiko lililolaza mboga katika maziwa lilikuwa na dawa ya moto kabla moto haujafika.

Wapo wanaosema pilipili huficha samaki aliyeoza. Kando ya ziwa dai hili halisimami: samaki mbichi alipatikana kwa urahisi, na wa kuwekwa akiba alikaushwa juani au kwa moshi. Wengine huogopa vidonda vya tumbo. Tumbo lenye kidonda linaweza kuumizwa na pilipili, hilo sibishi, lakini Barry Marshall na Robin Warren walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba chanzo kikubwa cha vidonda hivyo ni bakteria.

Limebaki suala la raha, maana kuna watu wanaosaga pilipili kwa kupenda tu. Mwanasaikolojia Paul Rozin, aliyechunguza walaji wa Meksiko, aliona kwamba mtu hujifunza kupenda maumivu ambayo akili yake inajua hayana hatari. Mpenzi wa pilipili mbuzi anajua pia harufu yake ya matunda, ambayo chupa nyingi za dukani, zenye sukari na unga wa kuongeza uzito, huipoteza. Nyumbani huzikatakata, akazitia chumvi kiasi cha asilimia 2 au 3 ya uzito wake, akazizamisha katika maji yake zichachuke kwa siku kadhaa, kisha akasaga na kitunguu saumu na ukwaju uliochujwa. Akiitia kwenye omena wa maziwa, anakula chakula cha ziwa hili.