Mlezi Mmoja, Watoto Wanne

Tangu 2008, vituo vya kulelea watoto wadogo nchini England vinatakiwa kumpa kila mtoto mlezi wake mahususi, anayejua jinsi anavyobembelezwa na anayezungumza na wazazi wake. Wapo wanaodhani hilo ni jambo la maofisa wanaopenda fomu. Mzizi wake mmoja, hata hivyo, umo katika miaka ya vita, na ulipojaribiwa, matokeo ya kwanza yalikuwa kilio.

Mwaka 1941, London ikiwa inashambuliwa kwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua huko Hampstead makao ya watoto waliotenganishwa na familia zao, kwa fedha za wafadhili wa Marekani. Watoto walikula vizuri na walikuwa wasafi, ila wadogo walichelewa kusema na kuzoea choo. Ndipo wakagawanywa katika “familia” za watoto wapatao wanne, kila moja na mlezi wake, kwa kufuata nani alishapendana na nani. Ndani ya siku chache nyumba ilichafuka: wivu, kung'ang'ania, vilio kila mlezi alipotoka chumbani. Baada ya wiki chache mambo yalitulia, na lugha ikaanza kufunguka. Kwa anayependa nyumba tulivu, vilio vile vilikuwa hasara tupu. Mimi naviona kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko wote. Utulivu wa awali haukuwa wa kuridhika. Mtoto hakuwa na mtu wa kumlilia.

Atatokea wa kusema kwamba hayo ni ya Wazungu, kwetu mtoto hulelewa na wengi. Mtafiti Mary Ainsworth alilichunguza jambo hilo hilo vijijini karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Katika nyumba zenye bibi, shangazi na kaka, watoto walibebwa na wengi, lakini kwenye hofu hawakumkimbilia yeyote tu. Walikuwa na wachache wao, mama akitangulia mara nyingi.

Pingamizi zito ni jingine: kwa nini kumfungamanisha mtoto na mtu wa mshahara, ambaye siku moja ataacha kazi? Waanzilishi wenyewe hawakulificha. Katika kitabu chao cha 1944 yumo Reggie, ambaye mlezi wake aliondoka kwenda kuolewa. Aliporudi kumtembelea wiki mbili baadaye, mtoto aligeuza uso. Mlezi alipotoka, mtoto akaukodolea macho mlango. Maumivu hayo ni ya kweli. Lakini kukwepa uhusiano hakuyaondoi. James Robertson, aliyekuwa mwasha boila wa makao yale, alitengeneza na mkewe Joyce filamu ya John, mtoto wa miezi 17 aliyewekwa siku 9 kwenye makao yenye walezi wa zamu. Anamwendea mmoja, anaitwa kwingine. Anamwendea mwingine, vivyo hivyo. Mwishowe anajilaza juu ya dubu mkubwa wa kuchezea. Reggie alimpoteza mtu wake, John hakupewa hata wa kumpoteza. Dawa ya kisa cha Reggie, basi, ni kumfanya mlezi akae na kumwandalia mtoto mlezi wa pili anayemfahamu, na hapo ndipo sharti la 2008 linapopwaya: linamtaja mlezi, halisemi kitu juu ya mshahara wake.