Treni ya Udongo

Nikiwa darasa la tano Makambako, tuliagizwa kila mmoja apeleke shuleni kazi ya mikono kwa ajili ya alama za Stadi za Kazi. Mama alininunulia chungu sokoni. Rafiki yangu alifinyanga treni ya udongo yenye mabehewa matatu, akaibeba juu ya kipande cha boksi. Ilipasuka njiani. Mimi nilipata alama za juu, na chungu kikabaki ofisini. Treni ilitupwa nje kupitia dirishani.

Treni ile haikutoka hewani. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita Makambako, mahali ambapo barabara ya kwenda Zambia inaachana na ile ya Njombe na Songea. Mtoto wa pale hukua akitazama malori na mabehewa, kisha huyaunda upya kwa waya, maboksi na magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala chakavu. Ukipanda Njombe, kwenye baridi na mashamba ya miwati, utakuta mianzi, ambayo watu wazima wanaigemea ulanzi, nayo inageuka gari. Hakuna mwalimu anayefundisha hayo.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na nilitaka kuandika juu ya sanaa za watoto shuleni. Tatizo likawa ushahidi. Mafagio yalifagia yakaisha, mipini ya majembe ililimia, michoro ilikuwa kwenye daftari ambazo mwisho wake ni kufungia maandazi. Kilichobaki ni sera.

Na sera, kusema kweli, ilianza vizuri. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isimtenge mtoto na kazi za jamii yake, na mitihani ipunguziwe uzito. Lakini mkazo wake ulikuwa shamba, na katika shule nyingi kujitegemea kukawa jembe na ufagio. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, shule za msingi zilipokea watoto wengi kwa muda mfupi. Darasa likijaa hivyo, rangi na karatasi nani anazikumbuka?

Mtihani nao haukupungua uzito. Darasa langu lilipomaliza la saba mwaka 2011, Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, tulitahiniwa Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Stadi za Kazi haikuwemo. Kwa hiyo kipindi chake kilikuwa cha kwanza kuliwa na Hisabati, na mzazi aliyenunua chungu hakuona kwamba amedanganya. Simlaumu mama. Alikuwa amesoma mfumo vizuri kuliko mimi.

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo. Nililisoma jina hilo kwa furaha ya kitoto kabisa.

Juzi dada yangu aliyeko Njombe akanipigia.

"Mdogo wangu, nirushie elfu tano. Mtoto kaambiwa apeleke kapu."

"Si alisuke mwenyewe, dada?"

Akacheka. "Linatakiwa kesho asubuhi."

Nikatuma.