TUZIJUE DAWA ZETU, SEHEMU YA 4: Steroidi na presha ya macho

Wengi mmeniuliza kuhusu matone ya macho ya watoto wenye aleji, yale yanayoondoa wekundu na muwasho fasta. Baadhi yana steroidi. Leo tupitie historia yake kidogo.

Mwaka 1948, Mayo Clinic kule Marekani, Dkt. Philip Hench na wenzake walimchoma mama mmoja mwenye baridi yabisi sindano za kotisoni. Alikuwa anatembea kwa shida sana, siku chache tu akawa anatembea vizuri. Mwaka 1950 Hench na wanasayansi wengine wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Madaktari wa macho nao wakaichangamkia: jicho jekundu linatulia, kila mtu anafurahi.

Furaha haikudumu. Mwaka 1954 Dkt. Jules François wa Ubelgiji aliandika kuhusu wagonjwa waliopanda presha ya macho baada ya kutumia matone ya kotisoni muda mrefu.

Kwa nini inapanda? Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote, yanapita kwenye kitu kama chujio la chai. Kwa watu wengine steroidi hufanya chujio lizibe. Maji yanabaki, presha inapanda, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unaumia. Ukishakufa, haurudi.

Miaka ya 1960, Marekani, madaktari Armaly na Becker waliwapa watu matone ya steroidi kwa wiki kadhaa huku wakiwapima. Kama watu 5 kati ya 100 walipanda sana, theluthi hivi wakapanda kiasi, waliobaki wakapanda kidogo tu au hawakupanda. Wengi walishuka walipoacha dawa.

Miaka ya 2000 ikaja sindano ya steroidi ndani ya jicho lenyewe, hasa kwa wagonjwa wa kisukari ambao retina imevimba. Inasaidia, lakini tone unaweza kuliacha leo. Dawa iliyochomwa inakaa humo wiki hadi miezi. Kwa hiyo bibi au baba akichomwa, msikose tarehe za kupima presha ya macho hata kama anaona vizuri.

Jambo kubwa ni hili: mara nyingi presha hii haiumi. Mtoto anacheza, jicho ni jeupe, mama umeridhika, kumbe ndani linaharibika. Bila kupima hujui.

Basi mama, soma kichupa. Ukiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, usimwekee mtoto kwa ushauri wa jirani, wala usirudie kichupa cha mwaka jana. Kama daktari ndiye aliyeandika, usikatishe mwenyewe, muulize tu: "Presha ya macho tutapima lini?"

Mtumie na mama mwenzio. Sehemu ya 5 inakuja, tutaongelea matone ya antibiotiki.