Mboga za Uani Kwetu Zimetoka Wapi?



Juzi fundi muashi alikuja kupima ua wetu. Alivuta kamba kutoka ukuta wa choo mpaka kwenye mdimu, akaniambia banda la cherehani tatu linaingia na nafasi ya meza ya kukatia inabaki. Nilifurahi, maana magauni ya mabibi harusi wa Mfungo Mosi yananing'inia mpaka chumbani kwa watoto. Kisha nikaangalia kamba ilipopita: katikati ya matuta ya mama ya mchicha na bamia. Mama hakusema neno. Alichukua kijembe chake akaendelea kupalilia, kwa sababu masika yameshaanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nauliza wazee na kusoma, na nimeona kuwa bustani ya uani ina historia ndefu kuliko nyumba yenyewe.

Wenzetu wa nchi za baridi hungoja theluji iondoke, majani yachipue, ndipo wapande. Sisi majira hayo hatuna, tuna masika kuanzia Machi hadi Mei. Lakini jina la machipuko tunalo na tunalitumia bila kujua. Siku ya Mwaka, ile inayosherehekewa Makunduchi kila Julai, wazee huiita Nairuzi. Neno hilo ni la Waajemi. Kwao Iran, Nouruzi ni siku ya kwanza ya machipuko, tarehe 20 au 21 Machi, na kabla yake huoteshwa ngano au adesi kwenye sahani nyumbani ili siku ikifika kuwe na kijani mezani. Jina likavuka bahari pamoja na wafanyabiashara, na huku likawa hesabu ya wakulima na mabaharia. Mwaka ulikuwa wa siku 365, zikigawiwa kumi kumi, kila kumi likaitwa mwongo. Miongo 36 na siku tano zinazobaki.

Sababu yake ni rahisi. Miezi yetu ya Kiislamu inakwenda kwa mwandamo, kwa hiyo Ramadhani mwaka mmoja inaangukia mvuani na miaka kadhaa baadaye inaangukia kiangazi. Kwa ibada ni rehema, kila kizazi kinafunga katika kila hali ya hewa. Kwa mbegu haisaidii. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa na hesabu mbili, moja ya msikiti na moja ya jembe, wala hazikugombana. Bibi yangu mzaa mama aliweza kukwambia tuko mwongo wa ngapi bila kuangalia karatasi yoyote. Mimi nina simu yenye kalenda tatu na bado nilichelewa kupanda mwaka jana.

Sasa tuje kwenye mboga zenyewe. Ibn Battuta alipita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alilishwa wali wa samli na vitoweo juu yake, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na embe. Mombasa aliona ndizi na ndimu, na akaandika kuwa nafaka yao waliletewa kutoka sehemu nyingine za pwani. Soma mlo ule kwa jicho la mpishi: hamna tungule. Hamna muhogo, hamna mahindi, hamna pilipili hoho wala mbuzi. Vyote hivyo asili yake ni Amerika, na vimefika kwetu baada ya Wareno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498. Nanasi nalo limetoka huko huko. Hebu fikiria mchuzi wa pweza bila tungule! Bilingani na bamia ni za upande wetu wa dunia, Asia na Afrika, na kotmiri na figili majina yao peke yake yanaonyesha njia ya India na ya Uarabuni.

Hapa nilipata jambo lililonigusa kama fundi wa nguo. Katika hadithi aliyoipokea Anas, Allah amridhie, imo habari ya mshoni mmoja aliyemwalika Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, chakula alichokipika. Akaweka mkate wa shayiri na mchuzi wenye nyama iliyokaushwa na mboga iitwayo kwa Kiarabu dubbaa, na Anas akamwona Mtume akiitafuta mboga ile pembezoni mwa sahani. Wengi tunaitafsiri boga. Lakini boga hili la njano tunalolipika kwa nazi ni la Amerika, wakati huo halikuwa limefika Madina. Iliyokuwepo ni jamii ya mung'unye. Mimi nimekua nikiona mung'unye kama mboga ya kukosa, nikimlalamikia mama kila anapoupika. Nimejirudi. Mshoni aliyemkaribisha mgeni bora kuliko wote, na akamwekea mung'unye!

Karne ya 19 ilikuja na balaa jingine. Sayyid Said alipoifanya Unguja makao yake, mikarafuu ilipandwa kila ardhi nzuri ilipopatikana, na visiwa vikazidi kutegemea mchele wa melini. Waliolima mashamba yale ni watumwa, wanaume kwa wanawake. Walipewa vipande vidogo vya kulima chakula chao wenyewe, muhogo hasa, katika siku walizopumzishwa. Hili halitajwi sana tunaposifia mapishi ya Kizanzibari, na mimi naona si haki. Kisamvu cha nazi hakikutoka ikulu.

Bei ya kutegemea meli tuliilipa baadaye. Mchele mwingi uliokuwa ukiliwa hapa ulitoka Burma, na mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma. Watu wakahimizwa walime chakula, na muhogo ukawa ndio wali. Bibi alikuwa mtoto mdogo, alikumbuka foleni na unga wenye uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele ulipungua tena, chakula kikawa cha mgao. Safari hii bibi alikuwa mama wa watoto sita, na ua wake ulikuwa na majimbi, mtoriro, mpapai na kuku. Alikuwa akisema hakuwahi kulala na watoto wenye njaa, ila aliwalaza na watoto waliochoka mtoriro.

Na mama? Mama ndiye aliyenisomesha kwa ua huu. Nilipomaliza skuli matokeo hayakuwa ya kunipeleka mbali, na ada ya kozi ya ushonaji haikuwepo. Akaongeza matuta mawili. Mchicha aliuza fungu fungu mlangoni, na pembeni alikuwa na asumini na mrehani wa vikuba, na mhina mmoja ambao majani yake yamepaka mikono ya maharusi wengi wa mtaa huu. Cherehani yangu ya kwanza ilitokana na fungu la mchicha. Ndiyo maana kamba ya fundi ilinikaa kooni.

Kwa mabibi harusi mnaoniuliza nini cha kuanza nacho katika nyumba mpya: mchicha. Mwaga mbegu sasa kwenye udongo uliochanganywa na samadi iliyokwisha kupoa, maana samadi mbichi ya kuku itaunguza. Baada ya wiki tatu au nne unachuma. Bamia nayo inapenda masika. Tungule usiziharakishe, mvua kubwa inaziletea ukungu na zinaoza. Zioteshe kitaluni mvua inapoelekea kupungua, uzihamishe ukingoni mwa kipupwe. Kama huna ua, polo la mchele lililojazwa udongo linatosha, toboa chini maji yatoke. Na usione haya kumuomba mama mkwe mbegu. Mimi hivyo ndivyo nilivyoanza kuzungumza na wangu, mwaka wa kwanza tulikuwa hatuna la kuambizana.

Fundi nimempigia simu jana. Banda litakuwa la cherehani mbili, ya tatu itabaki ukumbini kama ilivyo sasa, na wateja watavumilia kidogo kupisha miguu. Kamba inasogea mpaka upande wa pili wa mdimu. Nilipomwambia mama, aliuliza kitu kimoja tu: maji ya bati yatamwagikia upande gani. Nimemwambia upande wake, tutaweka pipa.